Maswali ya Wasomaji Kuhusu Nyumba: Kuta za Mikindani, Mabati ya Tandahimba na Nondo za Lindi

Barua za safari hii zote zimetoka Mtwara na Lindi, nami nimeziweka pamoja kwa makusudi. Nyumba za kusini, hasa zilizo karibu na bahari, zina maadui wawili wanaotembea pamoja, yaani maji na chumvi, na wengi wa walioniandikia wameshamlipa fundi angalau mara moja afunike dalili, kisha dalili hiyo ikarudi kabla ya mwaka kugeuka. Kwa hiyo nitawaomba wote jambo moja: kabla hatujanunua mfuko wa saruji au kopo la rangi, tujue kwanza maji yanaingilia wapi.

Naanza na barua isiyoweza kusubiri.

Bomba la bafuni linatupiga shoti

*Shikamoo mzee. Tunaishi Chikongola, Mtwara mjini. Tukiwasha pampu ya kupandishia maji, yeyote anayegusa koki ya bafuni anasikia shoti ndogo. Mume wangu anasema ni kidogo tu, tuvae kandambili. Je, tuna hatari?*

Marahaba, mama. Mna hatari kubwa, na kandambili si tiba. Shoti inayosikika kidogo leo kwa mtu mkavu aliyesimama pakavu inaweza kumuua kesho mtoto mwenye mwili uliolowa sabuni. Zimeni swichi kuu, chomoeni pampu, na asiiguse mtu yeyote hadi fundi umeme mwenye leseni ya EWURA apime kwa mita.

Kwa maelezo yako, ninashuku mambo mawili yametokea kwa pamoja. Kwanza, nyaya za ndani ya mota ya pampu zimechubuka au zimeingia unyevu, na umeme unavujia kwenye mwili wa pampu na mabomba ya chuma. Pili, waya wa ethi, ambao kazi yake ni kuupeleka umeme huo ardhini, haufanyi kazi. Hilo la pili ni la kawaida sana kwetu, kwa kuwa kibanio cha ethi huliwa na kutu ya hewa ya chumvi, na mchanga wa Mtwara unapokauka wakati wa kusi hupitisha umeme kwa shida, hivyo fimbo fupi ya ethi iliyochomekwa juu juu inabaki kuwa pambo. Mwambieni fundi aishushe hadi kwenye udongo wenye unyevu, apime tena mbele yenu, na aweke kifaa kinachokata umeme chenyewe pale unapovuja milliampia 30. Kifaa hicho kina gharama, lakini katika nyumba yenye watoto na pampu ya maji mimi nakihesabu pamoja na mlango na paa.

Ukuta wa babu unamenyeka

*Shikamoo mwalimu. Nimerithi nyumba ya marehemu babu hapa Mikindani, ya mawe ya matumbawe, yenye kuta nene sana. Miaka minne iliyopita tulibandua lipu ya zamani, tukapiga ya saruji na kupaka rangi ya mafuta. Sasa kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno lipu inavimba na kubanduka, na unga mweupe unatoka. Fundi anataka tupige saruji nzito zaidi yenye dawa ya kuzuia maji. Tumkubalie?*

Marahaba, mjukuu. Msimkubalie, na nitaeleza kwa urefu, kwa sababu nyumba za namna yako zinaharibiwa na mikono yenye nia njema kuliko zinavyoharibiwa na umri.

Ukuta wa babu yako haukujengwa juu ya nailoni nzito ambayo siku hizi tunaitandika juu ya msingi ili kuzuia unyevu. Maji ya ardhini hupanda ndani ya mawe ya matumbawe kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, na hupanda yakiwa yamebeba chumvi. Wazee waliojenga walilifahamu hilo. Waliunganisha mawe kwa chokaa, wakapiga lipu ya chokaa na kupaka chokaa, na kwa kuwa chokaa ina vitundu vingi vidogo, maji yaliyopanda yalitokea usoni mwa ukuta na kukaushwa na upepo. Ukuta ulikuwa unapumua. Kuta za Kilwa Kisiwani, zilizojengwa kwa mawe na chokaa ya namna hiyo hiyo, zimesimama kwa karne nyingi, na nyingine hazina hata paa la kuzikinga.

Mlipopiga saruji na rangi ya mafuta mliziba pua ya ukuta. Maji hayakuacha kupanda, ila yalikosa pa kutokea, yakapanda juu zaidi na kukaa nyuma ya lipu. Yanapofanikiwa kukauka kidogo huacha chumvi, chumvi hiyo huganda kuwa punje, punje zinakua na kuisukuma lipu kutoka ndani hadi inavimba na kuachia. Unga mweupe mnaouona ni chumvi hiyo. Saruji nzito zaidi yenye dawa itashika kwa muda, kisha unyevu utaonekana usawa wa kifua, na safari hiyo lipu itakapobanduka itaondoka na vipande vya mawe yenyewe.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa nilipokuwa fundi kijana nilimpigia mzee mmoja lipu ya saruji juu ya ukuta wa mawe, nikapokea malipo na shukrani zake. Baada ya mvua mbili niliitwa kutazama. Niliibandua kwa mikono yangu, na jiwe lililokuwa gumu nilipolifunika lilikuwa linamomonyoka kama mkate uliolowa.

Sasa, la kufanya. Anzeni nje ya nyumba. Tazameni kama udongo wa nje umepanda kuliko sakafu ya ndani, jambo ambalo hutokea polepole kadiri miaka ya kufagia na kumwaga kifusi inavyopita. Kama umepanda, uchimbeni ushuke angalau sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu, na ardhi iinamie mbali na nyumba. Ondoeni maua yanayomwagiliwa ukutani, maji ya bafu yanayopita karibu, na mdondoko wa paa unaorusha matope. Kama bado mna shaka iwapo unyevu unatoka ukutani au ni jasho la hewa ya chumbani, gundisheni kipande cha nailoni ukutani kwa utepe pande zote nne na mkiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta, na yakiwa upande wenu, chumba kinahitaji madirisha yafunguliwe.

Baada ya hapo bandueni lipu ya saruji hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu, kwa patasi nyembamba na nyundo ndogo, bila kupiga kwa hasira, kwa kuwa mkilivunja jiwe mmepoteza kile mnachokiokoa. Uacheni ukuta ukauke, na wakati mzuri ni kuanzia Juni hadi Oktoba, kusi linapovuma na mvua zimeisha. Kila chumvi inapochomoza ipanguseni kwa brashi kavu, muikusanye juu ya gunia na kuitupa mbali. Msiioshe kwa maji, maana mtairudisha ndani.

Kisha lipu ya chokaa. Hapa kuna mtego dukani, kwa sababu baadhi ya unga mweupe unaouzwa kwa jina la chokaa ni mawe yaliyosagwa tu bila kuchomwa, na huo haushiki. Chukueni kijiko kimoja mkidondoshee siki. Ukitoka povu jingi, huo ni mawe ya kusagwa, au ni chokaa iliyokaa hadi ikaharibika. Chokaa nzuri iliyochomwa na kuzimwa haitoi povu la maana. Changanyeni sehemu 1 ya chokaa na sehemu 3 za mchanga wa mto, na nasisitiza wa mto, kwa kuwa mchanga wa ufukweni ni kuuingiza ukutani ugonjwa ule ule tunaoutibu. Lowesheni ukuta, pigeni tabaka jembamba lisilozidi sentimita 1, liacheni likaze kwa siku kadhaa, kisha jingine. Chokaa haikazi kwa kukauka, bali hukaza kwa kuvuta hewa ya ukaa polepole na kurudi kuwa jiwe, kwa hiyo ifunikeni kwa magunia yaliyoloweshwa jua lisiikamue. Vaeni miwani na glovu, maana chokaa inachoma ngozi na inaweza kupofusha jicho. Mwisho pakeni chokaa nyepesi mikono minne au mitano. Rangi ya mafuta isirudi ukutani humo.

Mjiandae pia kuvumilia, kwa kuwa chumvi ya miaka mingi haitoki kwa mwaka mmoja. Inawezekana lipu hii ya kwanza ya chokaa ikafyonza chumvi na kuhitaji kupigwa upya chini baada ya miaka michache, na hiyo ndiyo kazi yake: kuumia yenyewe badala ya jiwe. Na kwa kuwa Mikindani ni mji wa kale, kabla ya kugusa sura ya nje, milango ya nakshi au baraza, wasilianeni na halmashauri na watu wa Mambo ya Kale.

Fedha za korosho na paa linalovuja

*Ndugu mwandishi, mimi ni mkulima wa Tandahimba. Paa langu la bati lina miaka 14 na linavuja sehemu kama 20. Nikiuza korosho nataka nibadilishe paa, nipige lipu nje na kupaka rangi kabla ya sikukuu. Fundi amesema yote yanawezekana kwa wiki tatu. Unanishauri nini?*

Ndugu, tatizo la kwanza ni kalenda. Fedha za korosho huanza kuingia Oktoba na kuendelea hadi karibu na mwisho wa mwaka, wakati huo huo mvua zinapobisha hodi, na ndiyo maana nyumba nyingi za mikoa yetu hutengenezwa kwa pupa. Msimu huu shughulikia paa peke yake. Fedha ya lipu na rangi iweke hadi Juni, maana rangi inayopakwa juu ya lipu mbichi katikati ya Disemba itabanduka, na utakuwa umelipa mara mbili.

Pili, usikubali kubadilisha paa lote kabla ya kulichunguza. Panda darini saa sita mchana, na kila unapoona nukta ya mwanga weka alama ya chaki. Kama matundu ni ya misumari na mabati yenyewe ni mazima, paa linatengenezeka. Nimeona mapaa mengi ambayo msumari uligongwa kwenye bonde la bati badala ya mgongoni, na kwa kuwa maji yanapita bondeni, kuvuja kulikuwa kumepangwa tangu siku ya kwanza. Ng'oa misumari hiyo, ziba matundu kwa kiraka cha bati na silikoni, kisha funga upya mgongoni kwa skrubu zenye mpira. Lami usipake, kwa sababu inapasuka juani na kuficha kutu inayoendelea chini yake. Bati lililoliwa na kutu hadi linabonyea kwa kidole litoe, na unaponunua jipya kumbuka kwamba namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba, kwa hiyo geji 28 ni nene kuliko geji 30. Mabati yapandane sentimita 15 au zaidi kwa urefu, na ubavuni yapandane mgongo mmoja na nusu.

La tatu hukuuliza, lakini nitalisema. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952. Mwezi Aprili 2019 watu wa Mtwara walihamishwa kukikimbia kimbunga Kenneth, ambacho hatimaye kilitua Msumbiji, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu na kuleta mafuriko Kilwa. Upepo mkali hauliangushi paa, unalinyanyua, na huanza kwenye kingo na pembe. Fundi akiwa bado juu, mwambie afunge skrubu kila mgongo kwenye safu za pembeni na karibu na kofia ya paa, na kila kenchi aishikize kwenye lenta kwa mkanda wa chuma, si kwa msumari mmoja uliopinda. Gharama yake ni ndogo sana ukiilinganisha na paa zima.

Tanki linajaa na kumwagika, kiangazi hatuna tone

*Shikamoo. Sisi tuko Newala, kijiji ambacho maji ni ya kununua. Tuna paa la mita 8 kwa 6 na tanki la lita 1,000. Mvua moja tu linajaa na kumwagika, lakini Juni maji yamekwisha. Na maji ya mvua za kwanza yana harufu. Tukosoe.*

Marahaba. Hakuna kosa kubwa, ila hesabu haikufanyika. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1. Paa lenu, likipimwa kama linavyoonekana kutoka juu, ni mita za mraba 48, hivyo mvua ya milimita 20 inatoa lita 960, na hata tukiondoa moja ya tano kwa yanayorukia nje na kupotea, mnapata kama lita 770 kwa siku moja. Sasa geuzeni upande wa pili: watu sita wakitumia lita 15 kila mmoja kwa kunywa na kupikia wanamaliza lita 90 kwa siku, kwa hiyo tanki lenu ni la siku 11 tu. Kiangazi cha miezi mitano kinataka lita 13,500. Najua si rahisi kuipata mara moja, lakini tanki la lita 5,000 litawavusha siku 55, na mnaweza kuongeza la pili msimu unaofuata. Lijengewe kitako imara cha zege, maana lita 5,000 ni tani 5.

Kuhusu harufu, nanyi mnakaa katikati ya mikorosho, nadhani jibu liko juu ya paa. Salfa ya unga inayopulizwa kiangazi kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, hupeperushwa na kutua juu ya mabati pamoja na vumbi na mavi ya ndege. Mvua ya kwanza ya msimu iacheni yote ipite nje, na kwa mvua zinazofuata mwage walau lita 50 za mwanzo kwa kugeuza bomba la kuingilia. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi salfa wala dawa nyingine za mikorosho. Gata nalo liinamie tanki kwa sentimita 1 kila mita 2, maana likilala sawa maji hutuama na mbu huzaliana humo. Na kama koki ya tanki inadondosha, badilisheni mpira wake leo, kwa sababu tone moja kila sekunde hufikia lita 20 hivi kwa siku, ambayo ni ndoo nzima.

Mchwa kwenye fremu

*Msomaji wa Masasi anauliza kama oili chafu inatosha kuokoa fremu ya mlango iliyoanza kuliwa na mchwa.*

Haitoshi. Oili inapakwa juu ya mbao, na mchwa wamo ndani, wakitokea ardhini. Vunja njia yao ya udongo kwa urefu wa kidole na utazame baada ya siku tatu. Wakiijenga tena, kundi ni hai. Chunguza kama mguu wa fremu umezikwa ndani ya sakafu, kwani hapo ndipo mlango wao. Kata sehemu iliyoliwa, weka kitako cha zege chini yake, tibu udongo kwa dawa ya mchwa kwa mkono wa mtu aliyefundishwa kuitumia, na ondoa kuni zilizoegemezwa ukutani.

Nondo zimechungulia

*Mzee, shikamoo. Nyumba yetu iko Lindi mjini, karibu kabisa na bahari. Zege la kibaraza linapasuka kwa chini, vipande vinaanguka na nondo nyekundu zinaonekana. Fundi alipaka saruji mwaka jana, imeanguka tena. Watoto hucheza hapo.*

Marahaba. Kabla ya yote, watoto wahamie upande mwingine na kibaraza kiegemezwe kwa mirunda imara leo hii.

Chumvi ya bahari imepenya zege hadi kwenye nondo, nondo zimeshika kutu, na kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa, ndiyo sababu inalipasua zege kutoka ndani. Saruji iliyopakwa mwaka jana ilishikilia kutu, haikushikilia zege, na haikuwa na namna ya kudumu. Mhandisi wa halmashauri aje kwanza atazame ni kiasi gani cha nondo kimebaki, kwa kuwa nondo iliyokonda sana inahitaji kuongezewa nyingine, na huo si uamuzi wa kukisia.

Akiridhia matengenezo, zege bovu lichongwe hadi nyuma ya nondo, vidole vipite kuizunguka, na kuchonga kuendelee hadi mtakapofika sehemu ambayo nondo haina kutu. Isuguliwe kwa brashi ya waya hadi ing'ae, ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na ipakwe uji wa saruji au rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, kwa kuwa kwa hewa ya Lindi chuma kilichosuguliwa asubuhi huanza kubadilika rangi jioni. Zege jipya litumie mchanga na maji yasiyo na chumvi, na nondo zifunikwe kwa sentimita 5. Maji ya kisima cha jirani na bahari yaonjeni kabla ya kuchanganyia. Yakiwa na chumvi ulimini, yaacheni mkanunue maji ya bomba, hata kama fundi atasema kwamba ndivyo walivyojenga nyumba zote za mtaa huo.